Ilford HP5 Plus kwa picha za Kariakoo

Kwa anayepiga picha za mtaani, filamu hii ya nyeusi na nyeupe naipa sifa zote. Mtaa wa Kongo saa sita, jua la utosini, wamachinga wako kivulini chini ya miamvuli, na bado sura zinatoka wazi, hadi mikunjo ya paji la uso. Ni ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga), lakini jioni pale Msimbazi, mwanga ukipungua, naipiga kama ni ya 1600 na kuongeza muda wa kuisafisha. Chengachenga kwenye picha zinazidi, nami nazipenda, kama vumbi lenyewe la mtaa. Roli ina picha 36, kwa hiyo unamtazama mtu, unamsalimia, ndipo unabonyeza. Kuipata ndiyo kazi: agiza mapema, na uwanja wa ndege omba ikaguliwe kwa mkono, isipite kwenye eksirei, inayoweza kuiharibu.