Bendeji ya Egzosi Baada ya Miezi 8: Naifungua Mbele Yenu

Wadau, habari za muda huu. Niko Kizota, Dodoma, upepo wa Julai unapiga, kwa hiyo mkisikia maiki inavuma mnivumilie, nimejikinga nyuma ya ukuta wa gereji. Leo hatufungi kitu. Leo tunafungua.

Hii Forester ya turbo mnaijua. Mnakumbuka Novemba nilivyoizungushia bendeji ya joto, yaani utepe wa nyuzi zisizoungua, manifodi yote, yale mabomba yanayokusanya moshi wa injini, pamoja na lile bomba linalopandisha moshi kwenda kwenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi kuisukumia injini hewa. Namna ya kufunga sirudii, video yake ipo. Siku ile nilikuwa na furaha kubwa, nikawaambia kila mwenye turbo akafunge. Sasa kuna maneno nataka kuyarekebisha. Usitoke, kwa sababu kipande cha katikati hapa ndicho kitakachookoa gari lako.

Kwanza niipe haki yake, maana inafanya kazi. Manifodi ikiwa wazi, injini ikinguruma tu pale pale, bunduki ya kupimia joto ilikuwa inanisomea nyuzi joto 300 na zaidi. Baada ya kufunga, juu ya bendeji nikapata 140. Mikono haiungui tena ukigusa karibu, hozi zinapumua, waya za sensa zinapona. Na nikienda Iringa kwa njia ya Mtera, ule mlima wa Nyang'oro nilikuwa naupanda turbo ikiamka mapema kidogo, kwa sababu moshi ukibaki na joto lake unakwenda kwa kasi. Kuna wenzetu kwenye chaneli nyingine wanawatajia mpaka nguvu za farasi zilizoongezeka. Mimi mashine ya kupima nguvu sina, kwa hiyo sitawatajia farasi hata mmoja.

Halafu lile jina, titani. Nilinunua Kariakoo roli ya mita 10 kwa shilingi 75,000, kwenye boksi imeandikwa titani kwa herufi kubwa. Ndugu zangu, hizi nyingi zinazoitwa titani ni jiwe la volkano lililoyeyushwa likavutwa nyuzi. Rangi tu ndiyo inafanana na titani. Ni nyuzi nzuri, DEI, watengenezaji wa Marekani, ya kwao wanaiandikia kwamba inavumilia joto la kama nyuzi 980 za sentigredi, wakati zile nyeupe za fibaglasi zinaishia kwenye 650 hivi. Ila usilipie jina.

Sasa turudi kwenye ile 140. Bunduki inasoma juu ya kitambaa, chuma haikioni. Joto halijaondoka, limefungiwa ndani na chuma. Shika hilo kichwani.

Dogo, sogeza kamera hapa mezani.

Nina vipande viwili. Hiki ni bendeji mpya, mizani ya jikoni inasema gramu 40. Hiki ni kipande cha bati la kukinga joto, lile lililokuja na gari. Namimina oili ya injini, vijiko viwili vya chakula, hapa na hapa. Angalieni bati: oili inateleza, inadondoka, limebaki na utando. Angalieni bendeji. Haijadondosha hata tone! Imekunywa yote. Naiweka tena kwenye mizani... gramu 65. Na ukiigusa kwa nje huku, unaiona karibu kavu.

Sasa naishika kwa koleo, naiweka juu ya jiko la mkaa. Subirini. Moshi mweupe... moshi unazidi... hapo! Umeona ule mwali? Nyuzi zenyewe haziungui, ni jiwe lile. Kinachoungua ni oili. Na wale tuliosomea koroboi hatuhitaji maelezo: huu ni utambi. Utambi hauishi, unavuta mafuta tu, na moto unakaa pale pale mpaka mafuta yaishe. Sasa weka utambi wa mita 10 chini ya injini yenye lita 4 za oili.

Kwenye hii injini manifodi inapita chini kabisa, na tapeti kava, vile vifuniko vya valvu, ziko ubavuni, juu yake. Gasketi za mpira zikizeeka zinakauka, zinaanza kutoa tone mojamoja. Ukiwa na bati, tone linaanguka kwenye bati, unasikia harufu, unajua, unakwenda kwa fundi. Mwezi Machi mimi harufu niliisikia siku mbili, halafu ikakata. Nikadhani imepona. Kumbe bendeji ilikuwa inakunywa! Hiki hapa kipande nilichokitoa leo asubuhi upande wa kushoto, ona kilivyo cheusi, kikamue, ona vidole vyangu. Nimeendesha na hiki kitu mpaka Singida na kurudi, watoto wako nyuma. Kwa kweli jana usiku nilipokiona kikiwa bado kwenye gari, sikulala vizuri.

Na maji je? Najua mtaniambia Dodoma ni kukavu, mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili, basi. Hata mimi nilisema hivyo Novemba, na nilikosea. Dodoma tuna vumbi, na vumbi linatupeleka kuosha injini kwa presha kila mwezi. Ile presha inalowesha bendeji mpaka ndani, unaliacha gari wikiendi nzima, chuma kimevaa nguo mbichi. Jumatatu unawasha, kinachemka. Hii manifodi ilikuwa ya kuchomelea, chuma cha kawaida, wala si stenlesi. Napitisha bisibisi... haya ni magamba ya chuma yanayobanduka, na pale kwenye weldi kuna ufa, kama sentimita 2. Chuma cha kawaida kikishazidi nyuzi 500 na ushee hakivumilii, na bendeji ndiyo inakizuia kisipoe. Magari ya mashindano yanafunga, ni kweli, lakini yale injini inafunguliwa mara kwa mara. Wewe yako unataka ikupeleke miaka.

Kabla sijasahau, tumefika 12,000 kwenye chaneli, ahsanteni sana. Wiki ijayo napaka rangi ya kauri manifodi ya Noah, maana kauri imeshikana na chuma, hainywi kitu. Ni ghali zaidi, bei nitawaambia siku hiyo hiyo bila kuficha. Na lile blanketi la turbo mnaloliuliza, hilo angalau unalitoa kwa dakika chache ukakagua.

Nilipanga kusema msifunge kabisa. Lakini lile bomba la kupanda kwenye turbo, kama sentimita 30, ni la stenlesi na liko nje ya njia ya matone, nimelibakizia bendeji mpya. Kila nikimwaga oili nitaikamua niione. Ukifunga kama mimi, vaa glavu na barakoa, zile nyuzi zinawasha vibaya, na gasketi badilisha kwanza.

Manifodi ya kiwandani nimeirudisha na bati zake zote. Na hapa kuna kitu lazima nikiri: Novemba nililinganisha bendeji na manifodi tupu. Bati zilikuwa stoo, sikuzipima kabisa. Kwa hiyo jana saa 8 mchana, bendeji ikiwa bado imefungwa, niliweka waya wa kipimajoto chini ya intakula, kile kipozea hewa ya turbo, boneti imefungwa, injini dakika 15. Ikasoma 58. Leo saa 8 hiyo hiyo, upepo uleule, dakika 15 zinaisha sasa hivi, na bati.

Dogo, vuta kamera kwenye namba. 60... 61... imesimama. 61.

Nyuzi 3.