Kuzua au kupotosha?

Wengi hapa Nairobi huyachukulia maneno haya kuwa ndugu pacha. Si kweli. Anayezua hutunga jambo ambalo halikuwapo kabisa: mwenzako hakusema kitu, wewe unamzulia. Uzushi ukibanwa hufa haraka, maana hauna mguu wa kusimamia.

Kupotosha kunataka ufundi zaidi. Soma tangazo la nyumba ya kupanga Kasarani: "Maji yapo, dakika tano kutoka Thika Road." Maji yapo kweli, Jumanne na Ijumaa. Dakika tano pia ni kweli, kwa bodaboda, usiku wa manane. Picha ya sebule imepigwa kwa pembe inayouacha nje ukuta wenye unyevu. Ukitafuta neno la uongo hulipati, na depositi umeshalipa. Mpotoshaji wa namna hii namwogopa kuliko mzushi.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 35, imezitaja habari zisizo za kweli na habari za kupotosha kila moja kivyake. Zikikuathiri, una haki ya kudai zirekebishwe au zifutwe.

Kwenye matumizi ndiko watu huteleza. Mwanasiasa ambaye wanahabari wamenukuu nusu tu ya hotuba yake hulalamika, "Mmenipotosha!" Hapo amejieleza vibaya, kwani anayepotoshwa ni msikilizaji. Yeye aseme, "Mmepotosha kauli yangu." Na kama hakuitamka kabisa, basi amezuliwa, au amesingiziwa, hayo mawili yanakaribiana mno, sioni haja ya kuyagombania.