Postikadi za D. A. Ahuja wa Rangoon: picha safi, maelezo ya kutilia shaka

Postikadi za wanawake wa Burma (leo Myanmar) alizotoa D. A. Ahuja, mpiga picha wa Rangoon, mwanzoni mwa karne ya 20 bado zinapatikana kwa wauzaji wa vitu vya kale. Uchapaji hauna lawama. Picha nyeusi na nyeupe zilipelekwa Ujerumani zikatiwa rangi na kuchapwa huko, na rangi hiyo ndiyo kasoro ya kwanza: aliyeipaka hakuwa na vazi mbele yake. Basi usiitumie kama ushahidi wa htamein (nguo ya kiunoni) au eingyi (blauzi) ilikuwaje. Mkunjo wa nguo na mtindo wa nywele vinaaminika zaidi.

Maandishi chini ya picha ndiyo dhaifu kuliko yote. Mwanamke hana jina wala kijiji. Ana kabila tu, au sifa ya urembo. “Padaung”, kwa mfano, ni jina la kupewa na Washan, kabila jirani. Wenyewe ni Wakayan, ambao wanawake wao huvaa shaba shingoni. Mnunuzi huhesabu pete shingoni, kumbe si pete bali ni ufito wa shaba uliozungushwa, na shingo yenyewe hairefuki. Mitulinga na mbavu za juu ndizo zinazosukumwa chini.

Kisichoonekana nacho kina maana. Mila za Kiburma zilimpa mke haki ya kurithi, kudai talaka na kuendesha biashara sokoni. Waingereza waliusifu uhuru huo, hasa walipotaka kuwadunisha Wahindi, kisha wakamgeuza mwanamke huyohuyo kidosho mwenye sigara nene mdomoni, anayemsubiri mzungu. (Sigara ilivutwa kweli, na wanaume pia, lakini pozi ni la studio.)

Kabla ya kulipa, geuza kadi. Nyuma isiyo na mstari wa kugawa anwani na ujumbe ni ya mtindo wa zamani zaidi. Uingereza iliruhusu mgawanyo huo mwaka 1902, India baadaye kidogo. Stempu ziwe za India, kwa kuwa Burma ilikuwa mkoa wake hadi 1937. Kisha mulika kwa taa ya urujuanimno (UV) gizani: karatasi ikiwaka bluu-nyeupe, ni nakala ya kisasa.

Kwa mtafiti, chagua zilizotumwa hata kama zimechakaa pembe. Mtumaji mara nyingine aliandika jinsi alivyomwona mwanamke huyo, na hilo halimo kwenye kadi isiyotumwa.