Trela la darubini nililotengenezewa Moshi: nyota nne kati ya tano

Tangu tulipolipeleka trela letu Same, walimu watatu wameshaniuliza limetengenezwa wapi na kama kazi inafaa. Karakana siitaji hapa, maana nina lawama na fundi na bado tunasalimiana vizuri. Kazi yenyewe naieleza ilivyo.

Nilitaka chumba cha darubini cha kuvutwa na pikapu: sakafu mita 2 kwa 2.5, kuta za bati, paa la kuteleza kwenye reli mpaka litoke lote. Ndani inakaa darubini ya Dobson, kioo milimita 200. Wapo walionishauri ninunue ile yenye stendi inayofuata nyota yenyewe. Tatizo ni kwamba mhimili wa stendi hiyo lazima ulingane na mhimili wa dunia, na sisi tupo nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo unalala karibu kama meza. Stendi nyingi hazilali kiasi hicho; chuma cha kusawazisha kinagonga miguu. Dobson unaisukuma kwa mkono, basi.

Tulipatana milioni 4.5 na wiki tatu. Zikawa saba, jambo nililolitegemea.

Uchomeleaji ni safi. Barabara za vumbi zimelirusha hilo trela kweli kweli, na hakuna kiungo kilichoachia. Paa mtoto wa kidato cha pili analisukuma peke yake. Halafu fundi, bila kuambiwa, akafunga ndani taa nyekundu za nyuma ya gari. Nilimwuliza amejuaje kuwa mwanga mwekundu hauharibu macho yaliyozoea giza. Hakujua, alikuwa nazo zimebaki.

Tatizo lilianza na mguu wa darubini. Nilisema usiguse sakafu, yeye akauchomelea hapo hapo. "Mwalimu, hii hata ukipandisha ng'ombe haitikisiki." Usiku wa kwanza tukaelekeza kwenye Mshitarii, tukakuza mara 120. Kijana mmoja akahamisha uzito toka mguu huu kwenda ule, sayari na miezi yake minne ikacheza sindimba. Nilimwita fundi aje aone. Alichungulia, akapiga hatua moja, akacheka mwenyewe. Kesho yake alitoboa sakafu. Sasa darubini inakaa juu ya kigoda cha chuma ambacho miguu yake mitatu inapita kwenye matundu mpaka ardhini, na trela linasimama kwenye jeki zake bila kukigusa.

Kuta nazo alizipandisha mpaka mita 1.4 badala ya 0.9 ya kwenye mchoro, eti watoto wasipigwe na upepo. Nia njema, lakini Msalaba wa Kusini kwetu hata ukifika juu kabisa ni nyuzi thelathini na kitu tu. Darubini ikawa inatazama bati. Ukuta wa kusini umekatwa na kuwekwa bawaba ulale nje, na bawaba hizo nimelipia mimi, shilingi 60,000. Hapo ndipo nyota ya tano ilipopotea.

Ukienda kwake, beba darubini yenyewe, iweke sakafuni kabla hajawasha mashine. Na rangi mwandikie kwenye karatasi. Langu amelipaka buluu ya giza, "rangi ya usiku", linashika joto la mchana na picha inachemka mpaka saa mbili. Nyeupe nimeshanunua, nitapaka mwenyewe.