Mitaala mitatu ya uandishi kwa mtoto anayeikimbia penseli

Asalaam aleikum, ndugu watazamaji, na karibuni barazani kwangu hapa Ujiji. Juu ya mkeka huu mnaona mafurushi matatu ya karatasi. Ni mitaala mitatu ya Marekani iliyotungwa kwa ajili ya wazazi wanaowafundisha watoto wao kuandika nyumbani: Writing With Ease wa Susan Wise Bauer, ule wa Institute for Excellence in Writing unaofundishwa na Andrew Pudewa, na Brave Writer wa Julie Bogart. Nimeitumia kwa zamu, mihula miwili sasa, na mwanangu wa miaka 9, ambaye anaweza kukusimulia kutwa nzima habari za mitumbwi ya Katonga na dagaa walioanikwa mchangani, lakini ukimpa penseli anaanza kutafuta kichongeo, kisha maji ya kunywa, kisha choo.

Nitangulize jambo moja la kisheria nisije nikamponza mtu. Hapa kwetu elimu ya msingi ni ya lazima kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, kwa hiyo mwanangu huenda shule kama wenzake, na mitaala hii tunaitumia baada ya sala ya alasiri na wakati wa likizo. Marekani mzazi anaruhusiwa kumfundisha mtoto nyumbani moja kwa moja, kila jimbo kwa masharti yake, na ndiyo maana vitabu hivi vimepangwa kana kwamba mzazi hana shughuli nyingine. Sisi tunapunguza.

Mwanzoni nilidhani mtoto huyu ni mvivu, nikamwongezea kazi: kila jioni insha ya nusu ukurasa. Aliandika na kufuta, akaandika na kufuta, mpaka karatasi ikatoboka. Kilichonifanya nione kosa langu ni hoja iliyo kwenye msingi wa Writing With Ease, kwamba kuandika ni kazi mbili zinazofanyika kwa pamoja, yaani kuligeuza wazo liwe maneno, na kuyahamisha maneno hayo kwenye karatasi. Na mtoto anayeshindwa kuzifanya zote mbili kwa wakati mmoja huenda anaimudu kila moja ikiwa peke yake. Mtaala huo unazitenga. Mtoto anaposimulia, mzazi ndiye anayeandika. Mtoto anaponakili, haulizwi wazo lake lolote. Kazi yake ni kuhamisha sentensi iliyokwisha kutungwa vizuri na mtu mwingine, herufi kubwa ikae mahali pake na nukta mahali pake. Ngazi ya kwanza ni hayo mawili tu, na imla inaingia katika ngazi ya pili. Ngazi ni nne, kila moja ina majuma 36 yenye siku nne za kazi, na kwetu kazi ya siku haijawahi kuzidi dakika 20.

Dosari yake ni kwamba vifungu vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanangu angejikuta anapambana na lugha ya kigeni na penseli kwa pamoja. Nimebaki na mpangilio wa kazi, vifungu nikaviondoa, nikaweka vya Kiswahili ninavyovichagua mwenyewe. Hapo nikagundua kuwa imla ya Kiswahili hupima mambo tofauti na ya Kiingereza. Katika Kiingereza mtoto huhangaika na tahajia, kwa sababu neno husemwa hivi na kuandikwa vile. Sisi herufi zetu hutamkwa kama zilivyoandikwa, na makosa hujificha penginepo. Mwanangu aliandika «ana kuja» maneno mawili, «nime mwona» maneno mawili, akaandika «uyu» bila h, na r na l akazibadilisha apendavyo. Sentensi moja ya imla kwa siku ilinionyesha ndani ya wiki moja kile ambacho madaftari ya muhula mzima hayakunionyesha.

Sasa tuje kwenye furushi la pili, ambalo ndilo lililonigharimu zaidi, kwa sababu masomo yako kwenye video na bando linakwisha mtoto akiwa bado anacheka mizaha ya mwalimu. Pudewa aliujenga mtaala huu juu ya mbinu za James Webster, mwanahistoria aliyewahi kufundisha historia ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Makerere, jirani zetu hapo. Nilipolijua hilo niliacha kuuona kama kitu cha mbali. Una sehemu tisa. Ya kwanza inamfundisha mtoto kuchukua kifungu cha mtu mwingine, kuchagua maneno matatu makuu katika kila sentensi, kufunga kitabu, kisha kukisema upya kifungu hicho kwa kuyatazama maneno yake tu. Tarakimu na vialama havihesabiwi miongoni mwa yale matatu. Kwa mtoto anayelia kwamba hajui aandike nini, hii ni nafuu kubwa, maana cha kuandika amekwisha kupewa.

Tulijaribu kwa kifungu cha meli ya Liemba, ambayo kila mtoto wa Kigoma anaifahamu: iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Sentensi moja ilisema: «Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha ili maadui wasiitumie.» Mwanangu akachagua maneno yake matatu: Wajerumani, waliizamisha, wasiitumie. Tazameni kilichotokea. Kitenzi cha Kiswahili kinabeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo maneno matatu yetu ni takriban sentensi nzima, na mtoto hakutunga chochote. Alinakili tu kwa njia ndefu. Tukabadilisha kanuni: maneno mawili tu, na kitenzi kiandikwe kwa ku-, bila nafsi wala njeo. Akabaki na «kuzamisha, maadui» pamoja na tarakimu 1916, na sentensi aliyoijenga kutoka hapo ilikuwa yake kweli.

Mapambo ya sentensi yanayofundishwa baadaye nayo hayahami yote. Mtoto wa Kiingereza anaambiwa aweke kielezi chenye kiishio fulani, kitu ambacho sisi hatuna. Sisi tuna polepole, kwa hasira, vibaya, kila kimoja na umbo lake. Lakini zoezi la kuunganisha sentensi mbili kwa «ambaye» au «ambayo» linafaa sana, na humlazimisha mtoto kuzijua ngeli.

Brave Writer sitaueleza kwa kirefu. Unamtaka mzazi aandike maneno ya mtoto akiwa bado mdogo, jambo jema, na pia una zoezi la kuandika bila kusimama kwa dakika kadhaa, ambalo kwa mwanangu lilikuwa adhabu, kwa kuwa tatizo lake liko mkononi. Una pia kikao cha chai na mashairi mezani. Nilitabasamu kidogo hapo, maana watu wa Ujiji wamekunywa kahawa barazani na kutegeana mashairi tangu enzi za mababu bila kununua mwongozo.

Nikiulizwa ninunue upi, nitauliza kwanza kama mtoto amepimwa macho. Akiwa mzima, mwambie akusimulie siku yake. Akisimulia vizuri na kuandika vibaya, mwanzishie ngazi ya kwanza ya Writing With Ease hata kama ana miaka 9, na ukichapisha steshenari uache ukurasa wa jalada ili asijue kuwa umetungwa kwa wadogo zake. Akikosa hata la kusimulia, basi muhtasari wa Pudewa utamfaa, kwa kanuni yetu ya maneno mawili. Sisi tuko ngazi ya pili, imla ya sentensi mbili kwa siku, na furushi hili la video linarudi kabatini hadi atakapoingia darasa la tano.