Refraktomita ya Bei Nafuu: Usiisawazishe kwa Maji Matupu!

Haya jamani, karibuni. Kila nikiweka video naulizwa swali lile lile: nataka kuanza tangi la matumbawe, ninunue taa gani? Taa itakuja. Pampu itakuja. Leo tuzungumze habari ya hiki kidude hapa mkononi mwangu, refraktomita, kipimo kinachosoma chumvi ya maji kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga. Nimekinunua kwa pesa yangu, kama shilingi 3,000 hivi za Kenya, hakuna duka lililonipa. Nimekipenda kwelikweli, lakini karatasi ya maelezo iliyokuja nacho imenipandisha hasira, na mtaona kwa nini.

Sandukuni mna chombo chenyewe, dropa, bisibisi ndogo na kitambaa. Hayo tuyapite.

Sogea na kamera. Mnaona hiki kioo kilicholala mshazari? Nafungua kifuniko, nadondosha matone mawili matatu, nafunga taratibu. Ukiona kiputo cha hewa chini ya kifuniko, fungua, panguza, rudia. Sasa tulia sekunde 30 ili maji na chombo vipate joto moja. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha: wanachota, wanadondosha, wanachungulia papo hapo, kisha wanalalamika kwamba kila wakipima wanapata namba tofauti.

Naelekeza dirishani kwenye mwanga. Nimeshikiza simu kwenye jicho lake ili na nyinyi muone ninachokiona. Juu buluu, chini nyeupe, na pale zinapokutana ndipo pa kusoma. Upande mmoja unasoma gramu za chumvi katika kila kilo ya maji. Bahari yetu hapa Mombasa, huko nje kwenye maji makuu, huwa karibu na 35, na ndiyo namba tunayoitaka tangini. Ukizoea kusoma upande wa pili, ule wa uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu yasiyo na chumvi, ni 1.026. Ni kitu kile kile.

Sasa njooni kwenye hii skrubu hapa juu. Karatasi inasema weka maji matupu, zungusha mpaka mstari ukae kwenye sifuri, umemaliza. Hapana! Hujamaliza! Vingi vya vifaa hivi vya bei nafuu, namba zake zimechorwa kwa ajili ya maji yenye chumvi ya mezani, si maji ya bahari. Maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu, salfati, na hayapindi mwanga sawasawa na chumvi ya mezani. Kifaa cha namna hiyo ukikisawazisha kwenye sifuri, halafu ukapima maji ya bahari yaliyo 35 kamili, kitakusomea 36.5. Wewe utasema chumvi imezidi, utaongeza maji matupu mpaka kisome 35, kumbe tangi lako umelishusha hadi 33.5 hivi.

Samaki hatakufa kwa hilo, nisiwatishe. Lakini matumbawe yanajenga mifupa yake kwa kalsiamu, na chumvi ikipungua, kalsiamu na magnesiamu zinapungua nayo. Anayeanza anapima kalsiamu, anaikuta chini, anakimbilia dukani kununua chupa ya kuongezea. Anamwaga. Wiki ijayo anamwaga tena. Pesa inayeyuka, na kisa chote ni skrubu ambayo hakuna aliyemweleza habari yake. Inaniuma, kwa sababu nawajua watu waliouza matangi yao wakisema matumbawe ni mambo ya matajiri.

Maji maalumu ya kusawazishia, ya 35, yapo madukani, ila kuyapata hapa Mombasa ni kazi, na ukiagiza nje usafiri unaweza kuzidi bei ya chupa. Basi twende jikoni. Chumvi ya mezani gramu 73. Maji gramu 1,927. Jumla kilo 2 kamili, kwa hiyo mzani wa kawaida unaosoma gramu nzima unatosha. Chumvi ikaushe kwanza kwenye sufuria, maana kwa unyevu huu wa pwani unaweza kuwa unapima maji ukidhani unapima chumvi. Maji yawe yaliyokenekwa, yale ya betri yanayouzwa vituo vya petroli, na soma lebo mara mbili, kwa sababu chupa ya asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo na itakuunguza. Koroga mpaka chumvi yote iyeyuke. Mchanganyiko huu unapinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35. Ni wa kupimia tu, usiumwage tangini.

Angalieni. Nimeanza na sifuri kama karatasi inavyotaka. Nadondosha maji yetu ya jikoni, nafunga, nasubiri... Mnaona? Mstari umekaa katikati ya 36 na 37! Ndiyo ile 36.5 niliyowaambia. Nachukua bisibisi, nazungusha kidogo sana, kidogo tena... unashuka... 35. Hapo hapo. Sasa nikirudisha maji matupu, mstari unazama chini ya sifuri. Usihangaike nao. Tangi lako haliishi kwenye sifuri, linaishi kwenye 35, na huko ndiko kifaa kinakotakiwa kusema kweli.

Wengine mtaniuliza kuhusu kile cha plastiki chenye mshale unaoelea. Ni rahisi zaidi, lakini kiputo kimoja kikining'inia kwenye mshale kinaunyanyua, na chumvi ikigandia kwenye kipini unakwama. Mimi siwezi kumshauri mtu anunue. Kuna vya kidijitali pia, kama HI98319 ya Hanna, unachovya na kusoma namba. Vizuri, sibishi, ila ni ghali mara kadhaa, na navyo vinataka kusawazishwa kwa maji yake. Kwa tangi la kwanza, pesa hiyo naiona bora iende kwenye mawe ya kupanga tangini.

Halafu yale maandishi ATC hapa ubavuni. Maana yake kifaa kinajirekebisha kwa joto, mara nyingi kati ya nyuzi 10 na 30. Sasa Februari hapa Mombasa chumba kisicho na feni kinapita 30. Pima asubuhi.

Kuna dada yangu aliuliza kwenye komenti: tunaishi ufukweni, kwa nini tusichote tu? Waweza, ila pima kwanza. Masika Mto Mwache unapomwaga kwenye hori la Port Reitz, maji ya huko si ya 35 tena, na mvua hushuka na uchafu wa mji. Na maji yakipungua tangini kwa joto, ongeza maji matupu, si ya bahari: kinachoruka ni maji, chumvi inabaki. Bandika utepe kwenye kioo usawa wa maji, ukiona yameshuka, jaza mpaka hapo.

Ila kuchota maji ni kitu kimoja, kuvunja tumbawe ni kingine, na hilo nakuombeni msilifanye. Mwamba wetu wa matumbawe ulipauka vibaya kwa joto la bahari la 1998. Matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo yanayotoka nje ya nchi lazima yaje na karatasi zake. Muuzaji akikosa kukuonyesha, ondoka.

Video ijayo ni ile wiki nne hadi sita za mwanzo, tangi likiwa halina samaki, bakteria wanaosafisha maji wakijipanga. Bonyezeni kengele isiwapite. Ijumaa saa tatu usiku nitakuwa mubashara, njooni na vifaa vyenu, gramu 73 za chumvi ziwe tayari zimekauka, tuvisawazishe pamoja.