GX100 yangu imeachana na otomatiki, sasa ni manyuali: gereji ya Tabata nawapa nyota nne, ya tano nimebaki nayo

Nilipoingiza gari getini, swali la kwanza la fundi halikuhusu giaboksi. Aliuliza, "Mama, mzee anajua?" Nikamwambia mzee ninayemjua mimi ni baba yangu, amelala Makambako tangu 2009, na angejua angefurahi. Akacheka, akaenda kuchukua jeki.

Gari lenyewe ni Toyota Mark II GX100 ya 1997, injini 1G-FE ya silinda sita, cc 1,988, ile ya kabla ya VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa vali. Ninalo mwaka wa kumi na moja huu. Otomatiki yake ya gia nne ilianza kuumwa taratibu. Asubuhi ukiweka D inanyamaza, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo gari linashtuka kama mtoto aliyeamshwa kwenda shule. Baadaye ikawa inateleza ikitoka ya pili kwenda ya tatu: injini inalia, gari haliendi. Tulipomwaga oili ilitoka nyeusi, inanuka kuungua. Ikifika hapo, kubadili oili ni kujifariji tu. Pleti za ndani zimeshaungua.

Kule Gerezani, mtaa wa spea za magari hapa Dar, nilitajiwa otomatiki nyingine ya mtumba kwa laki saba, na garantii yake ni ile tunayoijua sote: ukifunga ikigoma, irudishe kesho. Nilishaingia mkenge huo 2019. Hii iliyokufa ndiyo niliyoinunua siku hiyo. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuhamia manyuali.

Sababu ya pili ni Kitonga, ule mlima wa kona kali kwenye barabara ya Iringa. Baba alianza utingo kwenye malori ya Fiat ya barabara ya Zambia, akaishia kuwa dereva, na mimi alinifundisha kwenye Peugeot 404 pikapu. Alikuwa na sheria moja tu ya mlima: unashuka kwa gia uliyopandia. Mimi napeleka na kuleta mizigo midogo ya biashara Iringa kila baada ya wiki tano au sita, na kila nikishuka Kitonga na ile otomatiki nilikuwa naweka 2, kisha naomba Mungu. Boksi lililochoka halishiki vizuri hata ukilishusha gia, kwa hiyo kazi yote inabaki kwenye breki. Mara ya mwisho nilifika Ruaha Mbuyuni magurudumu ya mbele yananuka mpaka muuza vitunguu akanionea huruma.

Nikatafuta gereji. Hawa wa Tabata niliwachagua kwa sababu moja. Wenzao watatu waliniambia "inawezekana mama, lete gari". Huyu akasema usilete gari, tutafute kwanza giaboksi yenye vitu vyake vyote, tukikosa hata kimoja hatuanzi. Tukaenda naye Ilala na Gerezani siku mbili. Muuzaji mmoja alitung'ang'aniza W58, giaboksi iliyotoka kwenye injini nyingine ya Toyota, ya JZ, eti W zote ni ndugu. Ni ndugu kweli, lakini kile kikombe kikubwa cha mbele kinachofungwa kwenye injini cha JZ hakiingii kwenye 1G. Fundi alimwonyesha matundu ya bolti, jamaa akageukia simu yake. Tukapata W55 ya gia tano kutoka kwenye GX100 iliyokatwa nusu: boksi, flaiwili na bolti zake, pedeli, rodi ya gia, propela inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, na kontrol boksi (kompyuta ya gari) ya manyuali. Shilingi 1,550,000. Seti ya klachi niliikataa ya mtumba, nikanunua mpya kwa 310,000, na masta ya klachi mpya 85,000. Ufundi 500,000. Oili, beringi, kuchomelea na vinginevyo 140,000. Jumla 2,585,000. Anayesema manyuali ni njia ya kubana matumizi ana hesabu zake. Mimi ningefunga otomatiki nyingine pamoja na ufundi kwa chini ya milioni.

Kazi ya chini waliifanya vizuri sana, na hapa ndipo nyota zinapotoka. Nilikaa kwenye benchi lao na chai yangu, nikatazama. Nyuma ya krenki, mhimili mkuu wa injini, kuna tundu ambalo kwa otomatiki halina kazi. Kwa manyuali linakaa beringi ndogo ya kushikilia ncha ya shafti ya giaboksi. Kijana alikuwa anataka kufunga bila hiyo, fundi mkuu akamsimamisha, akamtuma dukani. Kitu cha elfu nane. Ukikisahau, boksi litaanza kulia, na utalishusha upya kwa gharama ya ufundi uleule. Pia waliziba vizuri yale matundu mawili kwenye rejeta yaliyokuwa yanapoza oili ya otomatiki, na hawakutumia vitambaa na gundi. Vipande vyote vilivyotoka walivitia kwenye gunia, wakanikabidhi. Gereji ngapi zinakupa gunia lako?

Siku walisema nne, zikawa tisa. Hilo nilishalitegemea.

Shida ilikuja kwenye umeme. Fundi wa umeme si wa pale, anaitwa kwa simu, anakuja na pikipiki, anaondoka kabla hujamuuliza kitu. Kwanza aliacha kontrol boksi ya zamani. Ile ya otomatiki inaendelea kutafuta vali za umeme za giaboksi ambayo haipo tena, kwa hiyo taa ya O/D OFF, ile ya gia ya juu ya otomatiki, ikawa inapepesa kwenye dashibodi na ya injini ikawaka. Nikamwuliza ile niliyoilipia iko wapi. Ilikuwa chini ya meza. Wakaifunga, taa zikazima.

Kosa kubwa ni hili, na ndilo lililokula nyota ya tano. Gari la otomatiki haliwaki mpaka liwe P au N, kuna swichi inayolinda. Ukiondoa boksi, stata inakufa ganzi. Jamaa aliunganisha zile nyaya mbili moja kwa moja, gari likawaka, akapanda pikipiki. Hakuna aliyeniambia maana yake: kwamba sasa gari linawaka hata likiwa kwenye gia. Jumapili kijana wangu, ambaye hajawahi kuendesha kitu chenye pedeli tatu, aliombwa alisogeze kidogo. Hakukanyaga klachi, akazungusha ufunguo. GX100 iliruka, ikavunja vyungu vyangu viwili vya asumini na kugonga geti. Ashukuriwe Mungu hakukuwa na mtoto mbele. Nilipowapigia fundi mkuu hakubisha. Jumatatu walifunga swichi kwenye pedeli ya klachi, sasa bila kukanyaga gari haliwaki, na hawakunitoza. Lakini hiyo haikuwa kazi ya Jumatatu, ilikuwa kazi ya siku ya kwanza. Ukipeleka gari lako popote, usitoke getini kabla hujajaribu kuliwasha bila klachi.

Kuna na mtetemo. Nikifika 90 usukani ulikuwa umetulia ila sakafu inatetemeka. Kumbe ile fremu ya chini inayobeba giaboksi waliichomelea wenyewe, boksi likakaa chini kidogo, propela ikawa na kona mbaya. Wakaipandisha, ikaisha. Taa ya revasi na mshale wa mwendo waliviunganisha sawasawa mara ya kwanza.

Sasa barabarani. Mjini, niseme ukweli, nimejuta mara kadhaa. Foleni ya Mandela saa kumi na moja jioni, kuanzia Tabata Relini kwenda Ubungo, goti la kushoto linakukumbusha una miaka mingapi. Klachi mpya ni laini, lakini laini mara mia mbili inakuwa ngumu. Kama gari lako halitoki nje ya Dar, funga otomatiki nzuri ukae kimya. Kwenye mafuta nafuu ipo, ndogo, isikufanye uvunje kibubu.

Ila safari ya Iringa! Morogoro nilipita nikiwa kama nimerudi Peugeot. Mikumi kilomita 50 kwa saa, gia ya tatu, limetulia, tembo wako pembeni. Kupanda Kitonga nilikamata lori kwenye kona, nikasubiri nyuma yake kwenye ya pili bila injini kuhangaika. Kwa otomatiki hapo ingekuwa inapanda gia, inashusha, inapanda, inashusha, mpaka oili ichemke. Siku ya kurudi ndiyo niliyoilipia. Juu kabisa niliweka ya pili, mguu nikautoa. Rev kama 3,000, mwendo 40, injini inavuta gari nyuma kama mtu anayeshikilia mbuzi kamba. Breki niligusa kwenye kona tu. Chini nilisimama kwa yule muuza vitunguu, nikaweka kiganja karibu na rimu. Joto la kawaida. Akaniuliza gari nimenunua jipya?

Kijana wangu bado anajifunza, kwa sasa anaruhusiwa kuendesha uani tu, na vyungu nimevihamisha. Gunia la otomatiki liko stoo. Kuna mtu wa Gerezani ananipa elfu themanini kwa ajili ya alumini yake, nimemwambia laki na aje na mkokoteni wake.